Kitambaa Kwenye Kona ya Skrini

Mama Nyuzi alikuwa na mazoea yake ya asubuhi, na hakuna aliyethubutu kuyavuruga. Kwanza alifagia vipande vya nguo vilivyobaki sakafuni tangu jana. Kisha alitia tone la mafuta kwenye mashine ya kudarizi. Halafu alimwamsha Bibi.

Bibi hakuwa mtu. Bibi ilikuwa laptopu kuukuu iliyokaa mezani kando ya mashine, imeunganishwa nayo kwa waya. Betri yake ilikwisha kufa siku nyingi, kwa hiyo alichomekwa kwenye umeme muda wote, kama mgonjwa wa dripu. Herufi kwenye kibodi zilikuwa zimefutika. Bawaba moja ilikuwa imefungwa kwa uzi mweusi. Lakini ndani ya Bibi mlikuwa na kazi yote ya Mama Nyuzi, michoro aliyoitengeneza tangu siku alipofungua duka.

Mwenzake Bibi aliitwa Babu. Babu naye alikuwa laptopu ya umri uleule, na alikaa mbele karibu na mlango. Hapo ndipo mume wa Mama Nyuzi alipopokea wateja. Mtaa mzima ulimwita Mkasi. Jina hilo lilitokana na kazi yake ya kukata vitambaa, na kidogo lilitokana na ulimi wake. Kwa kutumia Babu, Mkasi alipokea oda kwa barua pepe na kuhifadhi vipimo vya wateja.

"Babu anakohoa leo," Mkasi alisema asubuhi hiyo. "Sikia feni yake."

"Mwache apate joto. Hata wewe hufanyi kazi kabla ya chai."

"Mimi nina sababu. Nina mke mkali."

Mama Nyuzi alicheka, akafungua wimbo aupendao kwenye Bibi. Alikuwa amemwunganisha Bibi na mtandao kwa ajili ya nyimbo tu. Mashine ikaanza kugonga sindano, naye akaanza kuimba. Kazi ilienda.

Kulikuwa na jambo moja tu lililowahi kumkera kwa Bibi. Kwenye kona ya chini ya skrini, upande wa kulia, kulikuwa na ujumbe uliojitokeza kila mara. Ulisema kwamba mfumo wa kompyuta umepitwa na wakati na haupati ulinzi tena. Chini yake palikuwa na kitufe: Nikumbushe baadaye. Mama Nyuzi alikibonyeza leo, akakibonyeza kesho, mpaka akachoka. Mwishowe akalimaliza kama fundi cherehani. Alikata kitambaa kidogo cha pembe tatu, akakitia lastiki, akakidarizi jani la kijani, akakivisha Bibi kwenye kona ile. Ujumbe ukapotea machoni.

Mkasi alipoona, alitaka na yeye. Babu akashonewa cha kwake, chenye jani la bluu. Wateja walivisifu sana vitambaa hivyo. Mmoja aliuliza kama vinauzwa.

Sasa, katika michoro yote iliyokuwa ndani ya Bibi, kulikuwa na mmoja uliopita yote. Mama mzazi wa Mama Nyuzi alikuwa mdarizi wa mkono. Alipofariki aliacha kitambaa cha meza chenye ua ambalo hakuna mwingine aliyeweza kulishona, petali zake zimejikunja kama zinaona haya. Kitambaa kilianza kuchanika kwa uzee. Kabla hakijaisha kabisa, Mama Nyuzi alikaa na Bibi, akalinakili ua lile pigo kwa pigo. Kitambaa chenyewe baadaye kilikwisha, kikawa nyuzi tupu. Ua likabaki ndani ya Bibi. Halikuwepo mahali pengine popote duniani.

Wiki hiyo walikuwa na oda kubwa. Matroni wa chuo cha wauguzi alitaka nembo ya chuo kwenye sare za wahitimu, na kwenye kola ya kila sare alitaka ua lile. Mahafali yalikuwa Jumamosi. Nembo aliituma kwa barua pepe, Mkasi akaipokea kwa Babu. Asubuhi hiyo, wakati mkewe anaimba, Mkasi aliinakili kwenye flashi, akaenda kumkabidhi.

"Haya, nembo hiyo. Na kuna oda nyingine imeingia. Shule inataka sare za darasa zima. Wametuma barua yenye faili ndani yake, ngoja nikaisome vizuri."

"Shule gani?"

"Hawakusema. Niliifungua kabla ya kunakili nembo, ikagoma. Nitajaribu tena."

Mama Nyuzi aliiweka flashi mezani. Alitaka kwanza amalize uzi uliokuwa kwenye mashine. Hakujua kwamba uzi ule ndio ulioliokoa duka lake.

Haukupita muda, Mkasi akamwita. Sauti yake haikuwa ya utani.

"Njoo umwone Babu."

Skrini ya Babu ilikuwa nyekundu. Picha za nguo zilikuwa zimegeuka kuwa karatasi nyeupe zisizofunguka. Vipimo vya wateja havikufunguka. Katikati kulikuwa na maandishi makubwa: mafaili yako yamefungwa, lipa ndipo ufunguliwe.

"Nimefanya nini?" Mkasi aliuliza.

"Usiguse kitu," Mama Nyuzi alisema. Alichukua simu akampigia wifi yake, dada wa Mkasi, ambaye alikuwa fundi wa kompyuta mwisho wa mtaa huohuo. Kwa kawaida hakuwa anamwita. Alijua akija atataka kubadilisha kila kitu.

"Wifi, leo umenikumbuka," sauti ilisema. "Nani amekufa?"

"Babu."

"Babu yupi?"

Mama Nyuzi akaeleza haraka. Kicheko upande wa pili kilikatika.

"Nisikilize. Kile kisanduku cha mtandao, kichomoe kwenye umeme. Sasa hivi. Kompyuta zote zitoke mtandaoni. Na usichomeke kitu chochote kwenye Bibi. Nakuja."

Mama Nyuzi alikimbia nyuma. Bibi alikuwa bado anaimba. Alishika waya wa kisanduku cha mtandao akauvuta kwa nguvu, na wimbo ukakatika katikati ya neno.

Chumba kikawa kimya. Mkasi alisimama mlangoni.

"Nembo iko kwenye flashi," alisema. "Kwa Babu imeshapotea, na kwenye simu faili lile halifunguki. Ichomeke tu kwa Bibi mara moja, uichukue, tumalize kazi ya matroni. Hayo mengine tutayaona."

Mama Nyuzi aliitazama flashi. Ilikuwa ndogo kama kidole cha mtoto. Alifikiria Jumamosi, na jinsi matroni asivyopenda visingizio. Akaiokota. Kisha akatazama mahali ilipotoka flashi hiyo, na mahali ilipokuwa inataka kuingia.

"Umesema ile barua uliifungua kwanza, ndipo ukanakili nembo?"

"Ndiyo."

"Basi flashi hii imetoka kwa mgonjwa." Aliifunga ndani ya bahasha, akaitia mfukoni. "Ua la mama haliendi kukutana na hii. Nembo nitaichora upya."

"Upya? Kwa macho?"

"Kwa macho. Matroni aliacha sare ya mfano. Nembo iko pale kifuani. Niletee kioo cha kukuzia."

Wifi aliingia na mkoba wake begani, akihema. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye maneno mengi, lakini alipomwona kaka yake hakumtania. Alimzima Babu kabisa. Kisha akaona kitambaa chenye jani la bluu kwenye kona ya skrini. Akakigeuza upande huu na ule.

"Hiki nini?"

"Pambo," Mkasi alisema.

Wifi alienda kwa Bibi. Akaliona jani la kijani. Akalivua polepole. Chini yake ujumbe ulikuwa palepale, unasubiri.

"Jamani. Mmeishonea nguo taa ya hatari."

Mama Nyuzi aliona uso unamchoma. "Ulikuwa unanisumbua. Na Bibi anafanya kazi vizuri. Anawaka, anachora, anashona. Ubaya wake uko wapi?"

"Kuwaka ni jambo jingine, wifi. Mlango wenye kufuli bovu nao unafunguka vizuri. Tena unamfungukia kila mtu." Wifi alivuta stuli. "Ngoja nikueleze taratibu. Hapa dukani, nani anaamua kitambaa gani kinakatwa na uzi gani unaingia kwenye mashine?"

"Mimi."

"Mimi," Mkasi alisema wakati huohuo.

"Ni yeye," Wifi alisema, akimwonyesha Mama Nyuzi. "Sasa ndani ya laptopu kuna msimamizi kama wewe. Anaitwa mfumo endeshi. Ndiye anayepokea amri yako ya kibodi, anayefungua michoro, anayezungumza na mashine. Na ndiye anayesimama mlangoni. Wezi wa mtandaoni kila siku wanatafuta upenyo kwenye mfumo huo. Waliouunda wakiona upenyo, wanatuma marekebisho ya kuuziba. Ndiyo maana kompyuta hukuomba uisasishe."

"Na Bibi je?"

"Mfumo wa Bibi na Babu ni wa zamani. Waliouunda wameshaacha kuutengenezea marekebisho. Wameendelea na mifumo mipya. Lakini wezi hawajaacha. Kila upenyo unaogunduliwa leo kwenye mfumo huu utabaki wazi mpaka mwisho. Hicho ndicho ujumbe ulichokuwa unakuambia."

"Nina programu ya kuzuia virusi," Mkasi alisema.

"Inasaidia kidogo, kaka. Ni mlinzi mzuri kwenye nyumba isiyo na ukuta. Na hata ukuta ungekuwepo, wewe ulimfungulia mgeni usiyemjua kwa sababu alitaja darasa zima."

Mkasi akainamisha kichwa. "Nililiona lile neno darasa zima, nikasahau kuuliza shule."

"Tuwalipe?" Mama Nyuzi aliuliza. "Wanasema watafungua."

"Hapana. Ukilipa huna hakika ya kufunguliwa, na watajua hapa pana mtu anayelipa. Hili tutaliripoti polisi. Na nywila zenu zote, za barua pepe na za benki, mtabadilisha leo kwa kutumia simu, msitumie hizi laptopu."

Mama Nyuzi alimtazama Bibi. Kisha akauliza lile swali aliloliogopa.

"Kwa hiyo nimtupe Bibi?"

"Nani kasema?"

"Wewe unapenda vitu vipya."

"Napenda vitu salama. Ile programu yako ya kuchorea darizi inakubali mfumo mpya?"

"Haikubali. Niliuliza zamani. Kampuni yake ilishafunga, na mashine haielewi programu nyingine."

"Basi Bibi atabaki na mfumo wake. Ila atakuwa mtawa. Hatoki nje. Haendi mtandaoni tena, hata kwa wimbo mmoja. Kazi yake ni kuchora na kushona tu. Kitu kisichofikiwa na mtandao, mwizi wa mtandaoni hana njia ya kukiingilia, labda umletee mwenyewe kwa mkono. Kwa flashi, kwa mfano."

Mama Nyuzi alitoa ile bahasha mfukoni akamkabidhi. Wifi akaitazama, akamtazama yeye.

"Hukuichomeka?"

"Sikuichomeka."

"Wifi yangu, leo nitakununulia soda."

Walimkagua Bibi akiwa nje ya mtandao. Wifi alifungua folda ya michoro, mmoja baada ya mwingine. Mama Nyuzi alisimama nyuma yake, ameshika mgongo wa stuli. Ua likafunguka kwenye skrini, petali zake zimejikunja vilevile. Alishusha pumzi.

"Nakala yake iko wapi?" Wifi aliuliza.

"Hiyo ndiyo yenyewe."

"Yaani hakuna nyingine? Bibi huyu akianguka kutoka mezani leo, ua limekwenda?"

Mama Nyuzi aliisogeza laptopu mbali na ukingo wa meza. Hilo hakuwahi kulifikiria. Wifi alitoa diski mpya ya nje kwenye mkoba, akanakili michoro yote. Kisha akauliza iliko sidii ya programu ya darizi. Mkasi aliitafuta kwenye makopo ya vifungo mpaka akaipata. Nayo ikanakiliwa. Wifi aliondoka na diski pamoja na ile flashi ili akavikague kwenye kompyuta yake yenye mfumo wa kisasa.

Mama Nyuzi akakaa kuichora nembo. Aliiweka sare ya mfano chini ya kioo cha kukuzia, akahesabu mapigo ya uzi, akachora, akafuta, akachora tena. Mkasi alimletea chai ikapoa. Alimletea nyingine nayo ikapoa.

"Pumzika kidogo," alimwambia.

"Nitapumzika Jumamosi."

Jua lilipoanza kushuka, mashine ilishona nembo ya kwanza. Mwenge wa katikati ya nembo uliinama kidogo upande mmoja. Aliurekebisha akashona tena. Safari hii ulisimama sawa. Wakati huohuo Wifi alipiga simu.

"Diski ni safi. Flashi ilikuwa na kirusi kilekile cha Babu ndani yake. Ungeichomeka, tungekuwa tunazungumza mengine."

Mama Nyuzi alimtazama Mkasi. Mkasi alijifanya anatafuta chaki.

Sare zilifika chuoni kabla ya Jumamosi, nembo kifuani na ua kwenye kola. Lakini si kila kitu kilirudi. Picha za nguo na vipimo vilivyokuwa kwa Babu vilipotea moja kwa moja. Mkasi alilazimika kuwapigia simu wateja, mmoja mmoja, waje wapimwe tena. Wengine walinuna. Mmoja alisema afadhali, maana alikuwa amenenepa.

Babu mwenyewe aliondoka dukani kwa siku kadhaa. Wifi alimfuta kabisa, akamwongezea kumbukumbu, akambadilishia diski ya ndani. Alijaribu kumpa toleo jipya la mfumo wake wa awali, lakini Babu hakufikia masharti yake. Basi akamwekea mfumo mwingine, mwepesi, unaotolewa bure, ambao wanaouunda bado wanautengenezea marekebisho. Babu alirudi anawaka haraka kuliko alivyowahi. Feni ilinyamaza.

Mama Nyuzi hakufurahi. Vitufe vyote vilikuwa vimehama.

"Hii si kompyuta, ni nyumba ya watu," alisema. "Sijui hata choo kiko wapi."

"Ulimjua Bibi kwa siku moja?" Wifi aliuliza.

"Hapana."

"Basi."

Mama Nyuzi akakata shauri. Kila siku baada ya kufagia, kabla ya kugusa uzi, alikaa kwa Babu akajifunza kitu kimoja tu. Siku moja kufungua barua. Siku nyingine kuhifadhi picha. Alikosea, akagombana naye, akarudia. Kabla mwezi haujaisha alikuwa anamfundisha Mkasi. Ujumbe wa kusasisha ulipotokea, aliusoma mpaka mwisho, akabonyeza kukubali, akaenda kunywa chai wakati kompyuta inajishughulikia.

Walijiwekea na taratibu nyingine. Mkasi hakufungua tena kiambatisho cha mtu asiyemjua. Alipiga simu kwanza, akauliza jina na mahali. Walinunua flashi mpya, wakaifunga uzi mwekundu, na hakuna mchoro uliofika kwa Bibi kabla flashi hiyo haijakaguliwa kwa Babu. Kila Ijumaa michoro mipya ilinakiliwa kwenye diski. Wakimaliza tu, diski ilichomolewa, maana diski inayobaki imechomekwa huambukizwa pamoja na kompyuta. Nakala ya pili ilikaa kwa Wifi.

Na nyimbo? Mkasi alileta redio ya zamani, akaifunga antena kwa uzi.

"Yako," alisema. "Hii nayo haina mtandao."

Vile vitambaa viwili vya pembe tatu Mama Nyuzi hakuvitupa. Aliviunganisha, jani la kijani upande mmoja na la bluu upande wa pili, akashona mfuko wa kuhifadhia diski.

Mvua zilipokwisha, asubuhi moja Bibi hakuamka. Mama Nyuzi alimbonyeza, akamtikisa kidogo, akachomoa waya akaurudisha. Skrini ilibaki nyeusi. Wifi alikuja, akamfungua, akatikisa kichwa. Uzee tu. Diski ya ndani ilikuwa imekufa.

Mkasi alimtazama mkewe kwa hofu. Mama Nyuzi alikuwa ameshafungua mfuko wa majani mawili.

"Wifi, ile laptopu uliyosema imekaa tu dukani kwako. Inaukubali mfumo wa Bibi?"

"Inaukubali. Ni ya rika lake."

"Tuilete. Diski hii hapa, na programu imo ndani yake. Kazi zinanisubiri."

Mchana huo laptopu nyingine ilikaa mezani kando ya mashine. Wifi aliiwekea mfumo uleule wa zamani, akaiwekea programu ya darizi, akaizimia njia zote za kwenda mtandaoni. Mama Nyuzi alifungua mchoro mmoja kwanza kabla ya yote. Akafunga kitambaa cheupe kwenye fremu, akabonyeza. Mashine ikagonga sindano. Ua la mama likatokea polepole, petali moja baada ya nyingine.

Wote watatu waliinama kulitazama. Ndipo, kwenye kona ya chini ya skrini, ujumbe ule wa zamani ukajitokeza. Mfumo wako haupati ulinzi tena.

"Nilete kitambaa?" Mkasi alitania.

"Uache hapo," Mama Nyuzi alisema, bila kuondoa macho kwenye sindano. "Nataka kila siku ujumbe huo unikumbushe kwa nini huyu hatoki nje."